Kufuata mafuta ndani ya seli hai bila kuyabebesha alama

Picha za seli zinazong'aa kijani zinapendeza, nami sizikatai. Ila kazi yangu ni kuunda hadubini, na kila nikiziona huuliza: ile alama inayozing'arisha ina uzito gani? Protini ya kijani inayotumika sana imeundwa kwa asidi amino 238. Kuifunga kwenye protini kubwa mwenzake hakuna neno. Asidi ya mafuta je, ambayo ni nyepesi kuliko alama hiyo karibu mara 100? Huko ni kumtwika mtu gunia la mchele halafu ukachunguza mwendo wake.

Sisi tunaiacha molekuli ijitambulishe yenyewe. Kila kiungo kati ya atomi na atomi hutetemeka kwa masafa yake, yaani idadi yake ya mitetemo kwa sekunde. Mwaka 1928 C. V. Raman, kule India, alionyesha kwamba mwanga ukipita kwenye molekuli, chembe yake kidogo hutoka imebadilika rangi kulingana na mitetemo hiyo. Kidogo kweli: kama fotoni (chembe ya mwanga) moja katika milioni 10. Ukingoje picha ikamilike, seli imeshabadilika. Ukizidisha nguvu ya leza, umeipika.

Mwaka 2008 kundi la Sunney Xie, Harvard, likatumia leza mbili kwa pamoja. Tofauti ya masafa yake ikilingana na mtetemo wa kaboni na hidrojeni ulio tele kwenye mafuta, mwale mmoja hupungua, mwingine huongezeka. Upungufu wenyewe ni sehemu moja kwa 10,000, mara nyingi chini ya hapo, na leza nayo ina makelele yake, yaani nguvu ya mwanga wake huyumbayumba. Basi mwale mmoja tunauwasha na kuuzima mamilioni ya mara kwa sekunde, kasi ambayo makelele ya leza yametulia, kisha kwenye mwale wa pili tunapima kile tu kinachocheza kwa mdundo huohuo. Kwangu mimi, ujanja wote wa chombo hiki uko hapo. Leza unaweza kununua.

Kazi ya kuchosha ni kukutanisha mapigo ya mwanga ya leza hizo mbili. Kila pigo la mwanga hudumu takriban pikosekunde 2 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde), yaani lina urefu wa milimita 0.6 tu hewani. Unaweka tone la mafuta ya mzeituni chini ya lenzi, unasogeza kioo polepole kwa skrubu, skrini tupu, tupu, mara tone linawaka lote.

Siku hizi huwa tunazilisha seli glukosi, sukari ambayo seli huigeuza kuwa mafuta, ila hidrojeni zake zimebadilishwa kuwa deuteri, yaani hidrojeni nzito. Kiungo cha kaboni na deuteri hutetemeka taratibu zaidi, kwenye masafa ambayo seli yenyewe iko karibu kimya, kwa hiyo mafuta mapya yanajitenga na ya zamani waziwazi.

Dawa nyingi bado hazionekani. Chombo kinataka molekuli zifike kiwango cha milimola (sehemu ya elfu ya mola) kwa lita hivi, na dawa ndani ya seli kwa kawaida iko chini ya hapo sana. Ndiyo maana ninapoulizwa kama hadubini hii itachukua nafasi ya alama za kijani, jibu langu ni hapana.