Tangi Kubwa la Matumbawe Nyumbani: Karatasi Kwanza, Samaki Baadaye

Kila bamvua likiingia, maji yakapwa hadi miamba ikabaki wazi, simu za ofisini kwetu, idara ya uvuvi, huanza kuita. Mtu kaona vijana na ndoo, nyundo na patasi wakielekea mwambani. Zamani wengi walikuwa wakifuata pweza. Siku hizi wapo waliotumwa: kuna mteja mjini anapanua tangi lake la samaki, anataka "mawe yenye rangi". Kwa kuwa malalamiko ya namna hii yanazidi, nimeombwa niandike.

Sitaeleza namna ya kutunza tangi la maji chumvi. Anayetoka lita 200 kwenda lita elfu moja anaujua mzunguko wa naitrojeni, yaani jinsi bakteria wanavyogeuza uchafu wa samaki, na anajua kupima chumvi. Nitagusia mambo mawili tu yasiyo ya idara yetu, kwa sababu yakiharibika wanyama hufa na mwenye tangi hurudi mwambani kujaza pengo.

La kwanza ni uzito. Tangi la urefu wa sentimita 240, upana 75 na kina 65 hubeba lita 1,170. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya bomba, kwa hiyo hapo una tani 1.2 kabla ya kioo, meza na mawe, na yote yamekaa juu ya eneo lisilofika mita mbili za mraba. Sakafu ya ghorofa ya makazi kwa kawaida hukokotolewa kwa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Muulize mhandisi, si fundi wa vioo.

La pili ni joto. Vitabu vya Ulaya vinahimiza kununua hita. Kwa Dar es Salaam wakati wa kaskazi, unachohitaji ni mashine ya kupozea maji, na jenereta au betri ya kuiendesha umeme ukikatika. Tumbawe hupauka likikaa wiki kadhaa kwenye maji yaliyozidi hata nyuzi moja juu ya kiwango cha juu lilichozoea. Mwaka 1998 tuliona hayo baharini kwetu, ambapo mwamba wa Tutia kule Mafia ulipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake. Bahari ile haikuwa na swichi ya kuzimwa. Tangi lako linayo.

Sasa niingie kwenye kazi yetu.

Matumbawe yote magumu, yale yanayojenga mwamba, yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Humo wamo pia farasi wa bahari na chaza wakubwa wa jamii ya Tridacna. Kuwamo humo hakumaanishi kwamba biashara imekatazwa. Kunamaanisha kwamba hakuna kipande kinachovuka mpaka bila kibali. Ukiagiza kutoka nje, nchi inayotuma lazima itoe kibali cha kusafirisha, na kibali halisi kisafiri na mzigo. Nakala ya simu haitambuliki. Kibali hicho hudumu miezi sita tu tangu kitolewe. Majina ya kisayansi yaandikwe, na idadi ilingane: matumbawe hai huhesabiwa kwa vipande, mawe ya matumbawe kwa kilo. Kibali kikisema vipande 20 na sanduku likawa na 23, usimwambie mkaguzi kwamba vitatu ni zawadi. Angalia pia herufi inayoonyesha chanzo. W ni kilichotolewa porini, C na F ni vilivyozalishwa chini ya uangalizi wa binadamu. Binafsi ningependa kuona C na F zaidi.

Upande wetu wa mpaka, samaki hai wanahitaji kibali cha kuingiza chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na cheti cha afya kutoka walikotoka. Omba kabla ya kulipa muuzaji. Kibali cha kurudisha tarehe nyuma hatutoi, na tafadhali msituombe. Mzigo wa kutoka Zanzibar nao usipandishwe boti bila karatasi: wenzetu wana sheria yao ya uvuvi na mamlaka yao.

Ama kuhusu bahari iliyo mbele ya nyumba yako, hiyo si duka. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, hapo mbele ya Dar es Salaam, ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na leo yanalindwa na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Humo huchukui kitu. Anayekamatwa anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, na chombo na vifaa vyake vinaweza kutaifishwa. Inaniuma kwamba anayenaswa mara nyingi ni kijana wa ndoo, ilhali aliyemtuma yuko sebuleni. Basi ijulikane kwamba kupokea na kukaa na mali ya namna hiyo ni kosa pia.

Hapa ndipo ninaposikia majibu yale yale. "Sikukata, nimeokota." "Lilikuwa limeshakufa." "Ni jiwe tu, afisa." Tumbawe ni mnyama, na mkataba hautofautishi kati ya mzima na mfu. Kilichosamehewa ni visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe. Nimekwisha kulisema hili mara nyingi kiasi kwamba nikiona mtu anafungua mdomo kusema neno "jiwe" naanza kuandika fomu.

Jambo la mwisho ni tangi la zamani. Watu wema huamua kuwarudisha wanyama baharini, wakidhani wanalipa deni. Msifanye hivyo. Samaki simba wa bahari zetu alionekana Florida mwaka 1985, inaaminika aliachiliwa kutoka matangini, na leo ametapakaa Karibi akila vifaranga vya samaki wa huko. Mwani wa Caulerpa taxifolia ulionekana Monaco mwaka 1984, chini ya jumba la maonyesho ya bahari, kisha ukaenea Mediterania. Mnyama aliyekaa na wenzake wa Pasifiki hubeba maradhi yao hata kama yeye alizaliwa hapa kwetu Kunduchi.

Mpe mwenzako mwenye tangi, pamoja na nakala ya kibali na karatasi yenye tarehe na saini za wote wawili. Asipopatikana, tupigie kabla ya kumwaga maji. Yale maji usiyaelekeze kwenye mfereji unaoishia ufukweni. Vilivyokufa vifukie shambani, mbali na kisima.