Ufundi magari si kazi ya waliofeli

Hapa Dodoma mtoto akipata divisheni ziro, utasikia: "Mpelekeni VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) akashike spana." Kana kwamba gari halihitaji akili! Mwanafunzi wa umeme wa magari lazima apige hesabu. Taa ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 5. Ukiweka fyuzi ya ampea 3 itakatika. Ukiweka ya 30, hitilafu ikitokea waya utaungua kabla fyuzi haijakatika. Hiyo ni fizikia, na kosa lake huteketeza gari la mtu, pengine likiwa na abiria. Cheti chenyewe cha VETA kina ngazi tatu, na mafunzo yake ni ya nadharia na vitendo. Hata fundi wa gereji ya mtaani, aliyejifunza kwa kuangalia wakubwa, anaweza kupimwa na VETA ujuzi wake ukarasimishwa.