Je, Wajua Kwa Nini Misuli Iliyonywea Hurudi Haraka Kuliko Ilivyojengwa?

Ukiingia gym za mtaani, zile ambazo vyuma vyake ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, hukosi kuwakuta watu wawili wanaohangaika na uzito uleule. Mmoja ndiyo kwanza anaanza. Mwingine alikuwa mtu wa tizi, akaacha miaka miwili kwa sababu ya kazi za zamu, kulea, au goti lililogoma. Siku ya kwanza wote mikono inawatetemeka. Mwezi na nusu baadaye yule wa pili kifua kimeshajaa, mwenzake bado anabembeleza kopo dogo. Wenyeji wa pale watakwambia "mwili wake unakubali", na mjadala huishia hapo.

Sehemu ya jibu haimo hata kwenye msuli. Mtu anapoanza mazoezi, wiki za mwanzo nguvu hupanda kabla nyama haijaongezeka, kwa kuwa ubongo ndio unaojifunza: kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa mpigo, na kuilegeza misuli inayovuta upande wa pili. Ujuzi huo haufutiki upesi. Ndiyo maana aliyepumzika mwezi mzima wa Ramadhani anakuta uzito wake wa zamani bado unanyanyuka, hata kama shati limeanza kumpwaya. Watafiti wa Jyväskylä, Finland, walilipima jambo hili mwaka 2024. Kundi moja lilifanya mazoezi wiki 20 mfululizo. Jingine lilifanya wiki 10, likapumzika 10, likarudi kwa wiki 10. Mwishoni makundi yote mawili yalikaribiana kwa nguvu na kwa ukubwa wa misuli. Na wakati wa mapumziko, ukubwa ulishuka zaidi kuliko nguvu.

Sehemu ya pili ndiyo tamu zaidi. Seli nyingi za mwili zina kiini kimoja, lakini uzi mmoja wa msuli una viini mamia kwa maelfu, na kila kimoja kinasimamia utengenezaji wa protini katika eneo lake. Msuli unapokua, seli ndogo zilizojibanza pembeni ya uzi hujiunga nao na kuuongezea viini. Swali lilikuwa: msuli ukinywea, viini hivyo vinakwenda wapi? Kikundi cha Kristian Gundersen wa Chuo Kikuu cha Oslo kiliwachunguza panya hai na mwaka 2010 kikaeleza kwamba haviendi kokote. Nyumba imebomoka, mafundi bado wako kiwanjani. Mwaka 2013 kikundi hichohicho kiliwapa panya testosteroni, homoni ya kiume inayokuza misuli, kwa muda mfupi, kikaiondoa, kikasubiri misuli irudi ilivyokuwa. Miezi mitatu baadaye panya hao walipofanyishwa kazi, misuli yao ilinenepa kwa takriban asilimia 30 ndani ya siku 6, huku ya wenzao ambao hawakuwahi kupewa dawa ikiongezeka kidogo tu. Hapo ndipo wengine walipoanza kuuliza kama kumfungia kwa miaka miwili, adhabu ya wakati huo, mwanamichezo aliyetumia dawa kunatosha.

Kwa binadamu, hata hivyo, habari ya viini bado inabishaniwa. Zipo tafiti ambazo hazikuona vikibaki. Alama nyingine ilionekana mwaka 2018, pale timu ya Adam Sharples nchini Uingereza ilipochunguza maeneo zaidi ya 850,000 ya DNA kwenye misuli ya watu waliofanya mazoezi, wakaacha, wakarudi. Baadhi ya jeni zilizofunguliwa na mazoezi ya kwanza zilibaki wazi hata msuli uliporudi ukubwa wake wa awali.

Mimi ningesema hivi: mgogoro wa viini waachiwe wenye darubini, kwa sababu matokeo yenyewe hayana ubishi mkubwa. Mwaka 1991 Robert Staron na wenzake waliripoti juu ya wanawake waliofanya mazoezi wiki 20, wakaacha kwa zaidi ya wiki 30, kisha wakarudi. Wiki 6 ziliwatosha kukaribia walipokuwa.

Sasa ubaya wake. Kano, zile kamba ngumu zinazoufunga msuli kwenye mfupa, hubadilika polepole kuliko msuli. Anayerudi anajisikia yuko vizuri wiki ya tatu, anaongeza vyuma, na bega au kisigino kinaanza kulalamika. Kurudi haraka ndiko kunakomponza. Ningependa aanze na nusu ya uzito aliouzoea, seti mbili tu (yaani mizunguko miwili ya kunyanyua, ukipumzika katikati) kwa kila zoezi, na aongeze baada ya wiki, si baada ya siku.

Maumivu ya siku ya pili na ya tatu, yale ya kushuka ngazi kwa kushikilia ukuta, hayatokani na asidi ya laktiki, ile inayozalishwa msuli ukifanya kazi kwa nguvu, ingawa wengi huilaumu. Hiyo huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi. Yanatokana na majeraha madogo ya nyuzi, hasa wakati wa kushusha chuma, pale msuli unaporefuka huku umebeba mzigo. Mara ya pili maumivu hupungua sana. Lakini mkojo ukigeuka rangi ya soda nyeusi baada ya kujikamua kupita kiasi, usingoje kesho, nenda hospitali: msuli uliovunjika umemwaga vitu vyake kwenye damu na figo ziko hatarini.

Na anayejua kwamba kazi itambana si lazima aache kabisa. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, watu walifanya mazoezi siku tatu kwa wiki, seti tatu kwa kila zoezi, kisha baadhi yao wakapunguziwa hadi sehemu moja ya tisa: siku moja, seti moja kwa kila zoezi. Wenye miaka 20 hadi 35 walibaki na misuli yao kwa wiki 32. Wenye miaka 60 hadi 75 nguvu yao kwa sehemu kubwa ilidumu, lakini ukubwa wa nyuzi ulipungua, kwa hiyo mzee anahitaji zaidi ya hiyo seti moja.