Gego la miaka sita si jino la utoto

"Hilo si litang'oka tu?" Mzazi anasema hivyo akiona doa jeusi kwenye gego la nyuma la mtoto wa darasa la kwanza. Kwa maoni yangu hakuna dhana iliyoharibu magego mengi kama hii. Gego hilo halikurithi nafasi ya jino lolote. Huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya yale meno 20 ya utoto, bila kung'oa kitu, kwa hiyo nyumbani hakuna anayejua kuwa limefika. Nalo ni la kudumu. Likioza, hakuna jingine linalosubiri chini yake.

Mwashie tochi ya simu, mwambie aachame. Juu ya gego utaona vijibonde. Vingine ni vyembamba kuliko unywele wa mswaki, kwa hiyo kusema "mbona anapiga mswaki kila siku" hakutoshi: andazi linanasa humo, bakteria wanageuza sukari kuwa tindikali, na tindikali inatafuna jino. (Wale "wadudu wa meno" wanaodaiwa kutolewa kwa moshi hawapo.) Kinachosaidia ni kuvifunika vijibonde hivyo mapema kwa utando mwembamba uitwao silanti.

"Watamtoboa na kumchoma sindano!" Hapana. Daktari hulisafisha gego, hulipaka jeli ya tindikali kwa sekunde chache ili uso wake ukwaruzike kidogo na utando ushike, huosha, hukausha, kisha hupaka silanti na kuimulika kwa taa ya bluu mpaka igande. Hakuna ganzi wala mashine ya kutoboa. Adui hapa ni mate: yakifika kabla utando haujaganda, hautashika. Ndiyo maana mtoto huwekewa pamba mdomoni, na kwa asiyetulia daktari anaweza kutumia aina nyingine isiyosumbuliwa sana na unyevu.

Wengine wanaogopa kwamba uozo utafungiwa ndani uendelee kimyakimya. Kama ni doa tu lililoanza na tundu halijafunguka, linaweza kuzibwa. Bakteria waliobaki chini wakikosa sukari, uozo husimama. Tundu likishafunguka ni habari nyingine, hapo linahitaji kutibiwa na kuzibwa kama kawaida.

Je, baada ya hapo pipi ruksa? La. CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, inasema silanti huzuia asilimia 80 ya matundu ya magego kwa miaka miwili. Lakini haifiki katikati ya jino na jino, na utando wenyewe hulika au hubanduka kipande, kwa hiyo ukaguliwe kila anapopelekwa kwa daktari wa meno. Mswaki na dawa yenye floraidi viko palepale.

Akifika miaka 12 hivi, gego la pili la kudumu litaota nyuma ya hilo la kwanza. Nalo halitang'oa kitu.