Anastasia wa sinema na yule wa Yekaterinburg

Dhana: Anastasia alikuwa mrithi wa kiti cha enzi cha Urusi.
Hakuwa. Alikuwa binti wa nne wa Tsar (mfalme) Nikolai wa Pili, na sheria ya urithi ya 1797 iliwaweka wanawake nyuma ya wanaume wote wa ukoo. Mrithi alikuwa mdogo wake, Aleksei.

Dhana: Rasputin, mtu wa dini aliyesifika kwa uponyaji, aliilaani familia, mapinduzi yakazuka.
Hiyo ni katuni ya 1997, ambayo wengi huidhani ya Disney ilhali ilitengenezwa na Fox. Rasputin alikuwa kipenzi cha familia hiyo. Aliuawa Desemba 1916 na kundi la watu wa tabaka la juu, akiwemo mume wa mpwa wa Tsar. Kilichomng'oa Tsar Machi 1917 ni vita na uhaba wa mkate Petrograd, mji mkuu wa wakati huo. Katuni pia inamfanya Anastasia awe mtoto wa miaka 8 mwaka 1916, wakati alikuwa na 15.

Dhana: Huenda alitoroka familia ilipouawa mwaka 1918, akakutana tena na bibi yake.
Hapa ndipo sinema zilipofanya kazi kubwa. Ile ya 1956, iliyompa Ingrid Bergman tuzo ya Oscar, ilichota kisa cha Anna Anderson, mwanamke aliyeopolewa kwenye mfereji Berlin mwaka 1920, kisha akadai kuwa ndiye Anastasia. Filamu ilitoka madai hayo yakiwa bado mahakamani Ujerumani. Kesi iliisha 1970 bila yeye kuthibitisha lolote. Na ile onyesho ya bibi na mjukuu, inayoliza watu hadi leo, haikutokea kamwe: bibi yake Anastasia, Maria Feodorovna, alifariki Denmark mwaka 1928 bila kukubali kuonana na Anderson.

Anderson alifariki Marekani mwaka 1984. Miaka kumi baadaye vipimo vya DNA vilionyesha hakuwa na undugu na familia ya Tsar. Vililingana na vya jamaa wa Franziska Schanzkowska, mfanyakazi wa kiwandani mwenye asili ya Poland.

Uvumi ulikuwa na pa kushika, tukubali. Kaburi la familia ya Tsar, lililofukuliwa 1991 karibu na Yekaterinburg, mji wa Urusi walikouawa, lilikosa watoto wawili: Aleksei na binti mmoja. Mabaki yao yalipatikana 2007, si mbali na hapo, na DNA ikawatambua. Wataalamu bado wanabishana kama binti huyo aliyezikwa kando ni Maria, dada yake Anastasia, au Anastasia mwenyewe. Kwamba mabinti wote wanne waliuawa Julai 1918, hawabishani.