Mama hajui tabianchi ila ziwa analijua

Juzi mwaloni Kibirizi, Kigoma, pale boti za Ziwa Tanganyika zinaposhusha samaki, nilimuuliza mama mmoja anaeanika dagaa, shikamoo mama, haya mabadiliko ya tabianchi unayaonaje, akasema hiyo mwanangu sijawahi kuisikia. Nikageuza swali, ziwa lipoje siku hizi? Basi hapo aliongea karibu nusu saa, kwamba hata siku za giza, mwezi usipokuwepo, boti zinarudi na ndoo mbili tatu, mvua inakuja dagaa wakiwa nje, na ziwa lilivyopanda lilimeza mchanga aliokua anaanikia miaka yote.

Kwenye dodoso mama huyu anaandikwa "hajui". Mimi mtu wa utafiti nakiri hapo ndo tunakosea sana.

Kuna utafiti ulitoka 2015 kwenye jarida la Nature Climate Change, ulitumia maoni ya watu wa nchi 119 yaliyokusanywa 2007 na 2008. Duniani kwa ujumla elimu ndo ilionyesha zaidi nani amesikia habari za tabianchi, lakini kwenye swala la nani anaona ni hatari mambo yakatofautiana, Ulaya na Amerika ya Kilatini kikubwa ilikua kujua kwamba binadamu ndo chanzo, ila nchi nyingi za Afrika na Asia kikubwa ni mtu kuona joto la kwao limebadilika. Yaani macho yake mwenyewe.

Shule inaongezea tu sababu ya hayo anayoyaona mama. Ziwa Tanganyika maji ya juu yakipata joto yanakaa kama mafuta juu ya maji, upepo wa kusi unashindwa kuyachanganya vizuri na ya chini yenye rutuba, chakula cha dagaa kinapungua, na hili wanasayansi waliliandika tangu 2003. Uvuvi wa kupitiliza nao upo, sio joto peke yake.

Sasa kuchukua hatua ni kitu kingine kabisa. Uvuvi ziwani ulipofungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 samaki wazaliane, mwenye boti na duka mjini aliweza kusubiri, kibarua wa boti anaekula kwa alichovua usiku ule angesubiri na nini? Au nishati, tunawaambia kina mama acheni mkaa miti inaisha, na wanakubali kabisa, lakini mkaa unanunua wa buku ukapika leo, gesi hata mtungi mdogo wa kilo 6 unatoa hela yote kwa mkupuo. Huyo tukisema hajali mazingira tunamuonea.

Na mikutano yetu mingi tunaitisha asubuhi, muda ambao wanawake wako mwaloni wanapokea dagaa, alafu tunaandika kwenye ripoti kwamba mwitikio wa wanawake ni mdogo!

Mkutano ujao tumeomba uwe saa kumi na moja jioni, dagaa wakishaanuliwa, na swali la kwanza litakua ziwa lipoje.