Lupasi: kwa nini kinga ya mwili humgeukia mwenyewe?

Nimeambiwa nina lupasi. Je, kinga yangu imeshuka?

Hapana. Inafanya kazi kupita kiasi, na inashambulia viungo, ngozi, hata figo zako. Lupasi si UKIMWI, haiambukizi, wala hukujitakia.

Kosa linaanzia wapi?

Mara nyingi ni kwenye kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo. Seli zake zina vipokezi, yaani protini zinazotambua vijidudu. Kimoja, TLR7, hukaa ndani ya seli katika vifuko vyenye tindikali, kikivizia RNA ya virusi, yaani molekuli inayobeba maagizo ya jeni. Kikiinasa, seli humwaga interferoni, yaani protini za kutoa tahadhari, na kinga nzima huamka.

Tatizo ni kwamba hata sisi tuna RNA. Seli zetu zikifa na mabaki yasiondolewe upesi, TLR7 huweza kuyadhania virusi. Hapo seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, hutengeneza kingamwili (protini za kupambana na vijidudu) dhidi ya mwili wenyewe. Kingamwili hizo hushikana na mabaki mengine na kuyaingiza kwenye vifuko vilevile, na moto unazidi kuchochewa.

Mwaka 2022 watafiti walieleza habari za binti wa Hispania aliyepata lupasi kali utotoni. Herufi moja tu ya jeni yake ya TLR7 ilikuwa imebadilika. Panya waliowekewa badiliko hilo nao waliugua.

Mbona wengi ni wanawake?

Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake. Jeni ya TLR7 iko kwenye kromosomu X, na mwanamke anazo mbili. Moja huzimwa, lakini katika baadhi ya seli za kinga jeni hii hukwepa kuzimwa. Homoni nazo zinachangia.

Kwa nini nimepewa dawa ya malaria?

Haidroksiklorokwini hupunguza tindikali kwenye vile vifuko, hivyo TLR7 hushindwa kufanya kazi yake vizuri. Nafuu huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kwa hiyo tafadhali usiiache kwa kuona haisaidii. Hata ukipata ujauzito, kwa kawaida huendelea kutumika. Zungumza na daktari kwanza. Macho yapimwe mara kwa mara.

Sina wekundu mashavuni. Inawezekana kweli ni lupasi?

Ndiyo. Wengine hawapati upele kabisa, na kwenye ngozi nyeusi huonekana kama weusi au zambarau. Kinachonitia hofu zaidi ni figo, kwa sababu huharibika bila maumivu. Mkojo ukitoa povu lisiloisha, au uso na miguu ikivimba, nenda kapime protini kwenye mkojo wiki hiyohiyo.